Si "Lodi Devonshire": namna ya kuandika vyeo vya akina Cavendish

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Makala zako za historia zikifika kwenye ule Waraka wa 1923, uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie ya wageni, aliyeutoa hubadilika jina kila toleo. Leo ni "Lodi Devonshire", kesho "Bwana Devonshire", na safari moja mliandika "Sir Victor Devonshire, mtawala wa Devon". Hili la mwisho limekusanya makosa manne katika maneno sita.

Mtu mwenyewe aliitwa Victor Cavendish. Cavendish ndilo jina la ukoo. Devonshire ni cheo, na yeye alikuwa duki wa 9 kukishika. Kuanzia Oktoba 1922 hadi Januari 1924 alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, na waraka ukapewa jina la cheo chake. Hakutawala Devon wala mahali pengine popote kwa sababu ya uduki. Makao ya ukoo huo ni kasri la Chatsworth, lililoko Derbyshire, katikati ya Uingereza, ilhali Devon iko pembe ya kusini-magharibi. Kinachowapoteza wengi ni saini. Watu wa daraja hili husaini kwa cheo peke yake, bila jina la kwanza wala la ukoo, kwa hiyo anayesoma nyaraka za zamani hukuta "Devonshire" chini ya karatasi akadhani ndilo jina la baba yake.

Sasa hilo la "Lodi". Vyeo vya kurithi vya Uingereza vina ngazi tano: duki juu kabisa, kisha makwisi, erli, vaikaunti, na baroni chini. Wanne wa chini wote huitwa Lodi katika mazungumzo ya kawaida. Duki peke yake haitwi hivyo. Kumwita duki Lodi ni kumshusha ngazi. Baroni, kwa upande wake, karibu haitwi Baroni kamwe, ni Lodi tu. Ndiyo maana "Lodi Delamere" ni sahihi kabisa: Hugh Cholmondeley, mlowezi wa Njoro na Soysambu, alikuwa baroni wa 3 wa Delamere, cheo kilichotolewa mwaka 1821. (Cholmondeley hutamkwa "Chamli", Waingereza wenyewe wana mchezo huo.) Lakini "Lodi Cholmondeley" si yeye, kwani kuna Makwisi wa Cholmondeley, tawi jingine kabisa la ukoo huo lenye makao Norfolk. Mwaka 1923 Delamere alisafiri kwenda London kutetea walowezi mbele ya Devonshire. Makala inayowaandika wote wawili "Lodi" inamficha msomaji kwamba mwombaji alikuwa wa ngazi ya chini na aliyeombwa wa ngazi ya juu.

Duki mmoja hubeba vyeo vingi kwa pamoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliana. Victor Cavendish alikuwa na sita. Cha zamani kuliko vyote ni Baroni Cavendish wa Hardwick, cha 1605. Kikafuata Erli wa Devonshire, 1618, ambacho inatajwa kwamba aliyepewa alikilipia pauni 10,000 kwa Mfalme James wa Kwanza, na bei kama hizo hazikuwa siri zama zile. Mwaka 1694 erli wa 4 alipandishwa kuwa Duki wa Devonshire na Makwisi wa Hartington kwa mpigo, zawadi kwa kuwa mmoja wa wale saba waliotia saini barua ya 1688 kumwalika William wa Orange aje kuchukua kiti cha ufalme. Viwili vya mwisho, Erli wa Burlington na Baroni Cavendish wa Keighley, ni vya 1831, na viliingia kwa mlango wa nyuma nitakaoueleza.

Vyeo hivyo vilitolewa kwa hati zenye lakiri ya Mfalme, na ni hati inayosema nani atarithi. Hapa wasomaji wetu waliozoea hesabu za mirathi, ambamo binti ana fungu lake na mjane ana lake, inabidi waiweke hesabu hiyo kando. Cheo hakigawiki. Kinakwenda kwa mtu mmoja, na hati nyingi za Kiingereza zinamtaja kwa maneno yale yale: warithi wa kiume waliotoka katika mwili wa aliyepewa cheo kwanza, waliozaliwa kihalali. Chunguza kila kipande. "Wa kiume" humtoa binti, hata awe kifungua mimba na mtoto wa pekee. "Katika mwili" humtoa mtoto wa kulea. "Kihalali" humtoa aliyezaliwa kabla ya ndoa, hata wazazi wakioana baadaye. Na "aliyepewa kwanza" ndicho kipande ambacho watu hukiruka: anayetafutwa ni mzawa wa yule wa kwanza kabisa, si lazima awe mtoto wala jamaa wa karibu wa aliyefariki jana. Sheria ya 2013 iliyomruhusu binti wa kwanza kutangulia wadogo zake wa kiume inahusu kiti cha ufalme tu. Vyeo hivi haikuvigusa.

Ukitaka kuona uzito wa maneno mawili katika hati, tazama Devon yenyewe. Mwaka 1553 Malkia Mary alimpa Edward Courtenay uerli wa Devon. Mwandishi wa hati aliandika "warithi wa kiume" akaacha maneno ya "mwili wake". Courtenay akafariki Padua mwaka 1556, hana mke wala mtoto, na kila mtu akachukulia kwamba cheo kimekufa naye. Mwaka 1603 akapewa mtu mwingine kwa jina la Devonshire, huyo naye akafariki 1606 bila mrithi halali, na 1618 kikaja kwa akina Cavendish. Mwaka 1831 dai la mzawa wa tawi la mbali la akina Courtenay lilifikishwa mbele ya Bunge la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza, kwa hati ile ile na hoja hii: haikuandikwa "mwili wake", basi hata binamu wa mbali anarithi. Akashinda. Cheo kilichodhaniwa kimekufa kilikuwa kimelala miaka 275. Tangu hapo kuna Erli wa Devon, ambaye ni Courtenay na anaishi Devon kweli, na kuna Duki wa Devonshire, ambaye ni Cavendish na anaishi Derbyshire. Meza yako ya habari ikiwachanganya hawa haitakuwa ya kwanza.

Kwa akina Cavendish uduki umeruka tawi mara mbili. Duki wa 6 hakuoa. Alipofariki 1858 walirudi nyuma hadi kwa duki wa 4, babu yake, wakashuka upande wa mwana mwingine: Lodi George, mdogo wake duki wa 5, ambaye ndiye aliyefanywa Erli wa Burlington mwaka 1831. Mwanawe alikuwa ameshafariki 1812, kwa hiyo mrithi alikuwa mjukuu, na huyo ndiye duki wa 7. Kwa lugha yetu, duki wa 6 alirithiwa na mjukuu wa baba yake mdogo. Aliyeingia alikuja na kofia zake mbili za 1831, na tangu siku hiyo zimekuwa mali ya maduki. Mara ya pili ilikuwa 1908: duki wa 8 hakuacha mtoto, uduki ukaenda kwa mtoto wa mdogo wake, yaani huyu Victor wa waraka wetu.

Safari ya 1858, hata hivyo, si vyote vilivyohama. Duki wa 4 alikuwa amemwoa Charlotte Boyle mwaka 1748. Baba yake Charlotte alikuwa na vyeo viwili vya tabia tofauti: uerli wa Burlington wa zamani, ulioandikwa kwa wanaume tu, ukafa naye 1753, na ubaroni wa Clifford, ambao haukuzaliwa kwa hati bali kwa barua ya kumwita mtu bungeni mwaka 1628. Barua yenyewe ilitolewa kimakosa, kwa kudhani baba wa aliyeitwa anao ubaroni wa zamani wa jina hilo. Ilipobainika hanao, ikaamuliwa kwamba mwaliko umekwisha kuzaa cheo kipya. Cheo cha aina hii humfikia binti. Kikapita kwa Charlotte, kwa mwanawe, kwa mjukuu wake. Lakini duki wa 6 aliacha dada wawili, na sheria haijui dada mkubwa: mabinti wana haki sawa, cheo hakikatiki, basi hakimpati yeyote. Ubaroni wa Clifford umening'inia tangu 1858 hadi leo. Kwa hiyo tuwe na maneno matatu na tusiyachanganye: cheo kimekufa wakiisha warithi, kimelala mrithi yupo lakini hajathibitishwa, kimening'inia warithi wakiwa wengi mno kwa haki sawa.

Vyeo vya kuazima navyo vina vurugu zake. Mwana mkubwa wa duki huazimwa cheo cha pili cha baba yake. Ni adabu tu. Mwenye cheo bado ni baba. Ndiyo maana Spencer Cavendish, aliyejulikana kama Lodi Hartington, aliweza kukaa Bunge la Makabwela, lile la kuchaguliwa, tangu 1857 na kukiongoza chama cha Kiliberali, akiitwa Lodi muda wote. Hakuwa mjumbe wa Bunge la Malodi hata siku moja hadi Desemba 1891, baba yake alipofariki. Hapo akawa duki wa 8 na kiti chake cha kuchaguliwa kikawa wazi. Mwandishi asiyejua hili husoma "Lodi" akaandika "mjumbe wa Bunge la Malodi", na historia nzima ya chama inapinda.

Kuazima huisha kwa kifo pia. Mwana mkubwa wa duki wa 10, William, Makwisi wa Hartington, alimwoa Kathleen Kennedy, dada yake John Kennedy aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, mwezi Mei 1944. Septemba mwaka huo huo akauawa vitani Ubelgiji. Mnapoandika kwamba dada yake Kennedy "alikuwa dachesi wa Devonshire", mnampa cheo cha mke wa duki, asichowahi kuwa nacho: mumewe alifariki kabla ya baba, kwa hiyo hakuwahi kuwa duki. Cheo cha kuazima kilihamia kwa mdogo wake Andrew, ambaye hadi hapo alikuwa Lodi Andrew Cavendish tu. Katika hali ya namna hii watu hungoja kwanza: mjane akiwa mjamzito, mdogo wa marehemu hawezi kujihesabu mrithi hadi ijulikane mtoto ni wa kiume au wa kike.

Wana wadogo wa duki au makwisi huitwa Lodi, likafuata jina la kwanza na la ukoo: Lodi Frederick Cavendish, yule aliyeuawa Phoenix Park, Dublin, 1882. Ukimfupisha, sema Lodi Frederick. "Lodi Cavendish" ni mtu mwingine. Mabinti ni hivyo hivyo, na huwafuata hadi ndoani: Ledi Dorothy Cavendish, binti yake Victor, aliolewa na Harold Macmillan akawa Ledi Dorothy Macmillan. Si "Ledi Macmillan", kwa sababu mumewe alikuwa Bwana Macmillan tu, waziri mkuu asiye na cheo. Kwa hiyo aliyetoa hotuba ya upepo wa mabadiliko kule Cape Town mwaka 1960 alikuwa mkwewe mtoa waraka wa 1923. Jambo ambalo makala zako zingeweza kulisema, kama majina yangeandikwa vizuri.

Kwa watoto wa erli mambo hubadilika. Mabinti ni Ledi, mwana mkubwa huazima, lakini wana wadogo hawaitwi Lodi hata kidogo. Denys Finch Hatton, aliyezikwa vilima vya Ngong baada ya ndege yake kuanguka Voi mwaka 1931, alikuwa mwana mdogo wa Erli wa 13 wa Winchilsea. "Lodi Finch Hatton" wa vipeperushi vya watalii hajawahi kuwako.

Na wajukuu? Heshima hii ya Lodi hukoma kwa mtoto wa duki, mjukuu kwa mwana mdogo ni Bwana. Mfano mzuri kuliko wote uliishi Kenya. Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, mlowezi aliyekuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria hadi 1960, alikuwa wa ukoo wa Maduki wa Portland. Jina la Cavendish waliliokota pale duki wao wa 3 alipomwoa Dorothy, binti wa duki wa 4 wa Devonshire. Lodi Frederick, mwana mdogo wa huyo duki wa 3, alikuwa baba wa babu yake Ferdinand. Vizazi vilivyofuata vilikuwa mabwana wa kawaida, na "Sir" ya Ferdinand ilikuwa nishani yake mwenyewe isiyorithiwa. Mwaka 1977 duki wa 7 wa Portland akafariki, hana mwana wa kiume. Uduki ukavuka bahari hadi Kenya kumfuata Ferdinand, mzee wa karibu miaka 90. Kasri la Welbeck na ardhi yake havikumfuata; vilibaki kwa Ledi Anne, binti wa marehemu, kwa sababu mali huenda kwa wasia na amana, na cheo huenda kwa hati. Ferdinand alifariki 1980 bila mtoto, mdogo wake akashika hadi 1990, na hapo uzao wa kiume wa duki wa kwanza ukaisha. Uduki wa 1716 ukafa. Lakini uerli wa Portland, wa 1689, alikuwa amepewa baba yake duki wa kwanza, aliyekuwa na mwana mwingine. Tawi la huyo bado lilikuwa hai, na uerli ukaendelea. Mtu mmoja, vyeo viwili, kimoja kaburini kimoja mtaani.

Nairobi iliona kisa cha namna hiyo mapema zaidi. Josslyn Hay, Erli wa 22 wa Erroll, aliyekutwa amepigwa risasi garini Januari 1941, alikuwa na binti mmoja tu. Uerli wake ni wa Uskoti, unaoruhusu mwanamke, ukaenda kwa binti. Ubaroni wa Kilmarnock, wa 1831, hauruhusu, ukaenda kwa ndugu yake wa kiume. Anayeandika tu kwamba "binti alirithi vyeo vya baba" amekosea nusu.

Turudi Chatsworth, maana mnapenda kuandika kwamba duki "anamiliki kasri kwa sababu ya cheo chake". Duki wa 10 alihamishia mali kwenye amana mwaka 1946 ili kukwepa kodi ya urithi. Sharti lilikuwa aishi miaka mitano baada ya hapo. Alifariki Novemba 1950, imebaki miezi michache, na kodi ikaja kwa kiwango cha asilimia 80. Ardhi na kazi za sanaa zikauzwa, na Hardwick Hall, nyumba ya bibi yao Bess aliyeuanzisha ukoo, ikakabidhiwa serikali kama sehemu ya malipo. Tangu 1981 kasri la Chatsworth liko chini ya taasisi ya hisani, na duki anakaa humo kwa kulipa kodi ya pango. Uduki haukupungua hata nukta.

Cheo nacho hakijisajili chenyewe. Tangu agizo la kifalme la 2004 kuna daftari rasmi, na mrithi asiyeandikwa humo haitwi kwa cheo katika nyaraka za serikali. Hupeleka cheti cha kifo cha aliyetangulia, cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazazi wake, na kiapo kwamba hakuna aliye mbele yake. Akitoka tawi la mbali hupeleka vyeti vya kila kizazi hadi kwa babu wa pamoja, na kila ndugu mkubwa aliyekufa bila mwana athibitishwe hivyo. Dai linaweza kukwama kwenye ndoa iliyofungwa ng'ambo bila cheti. Vinasaba navyo vimeingia: mwaka 2016 majaji wa Baraza la Faragha (Privy Council) walivikubali katika shauri la cheo cha Pringle wa Stichill, na tawi lililokuwa limekishika likakipoteza. Asiyekitaka cheo anaweza kukikana ndani ya miezi 12, chini ya sheria ya 1963, lakini hukana kwa uhai wake tu; Tony Benn alikana uvaikaunti wa Stansgate mwaka huo huo, na alipofariki 2014 mwanawe akauchukua. Kiti bungeni ni habari nyingine: sheria ya 1999 iliwatoa warithi wote isipokuwa 92, na mwaka 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwatoa hao waliobaki. Vyeti vya "Lodi" vinavyouzwa mtandaoni pamoja na kipande cha ardhi cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia havihusiani na lolote kati ya haya.

Kwa meza yako basi, anapotajwa mara ya kwanza andika "Victor Cavendish, Duki wa 9 wa Devonshire", baadaye "Duki" au "Devonshire" peke yake. Mkewe ni Dachesi wa Devonshire. Na mtakapoandika habari za leo, duki wa sasa ni wa 12, Peregrine Cavendish, tangu 2004. Mwanawe mkubwa ana haki ya kuitwa Makwisi wa Hartington, lakini amebaki na Erli wa Burlington, aliyoitumia tangu babu yake yu hai. Mhariri msaidizi asije akamsahihisha.

Msomaji wako,
Mombasa